Kuijenga nftables kutoka msimbo chanzo kwa ajili ya skuli moja ya Wete

Skuli moja ya binafsi hapa Wete imenikabidhi mtandao wake tangu walipofungua maabara ya kompyuta. Katikati ya mtandao huo kuna kompyuta ya mezani kuukuu, ya mtumba, iliyovushwa kwa meli kutoka Unguja. Ina kadi tatu za mtandao: moja ilikuja nayo, mbili nimezichomeka mwenyewe. Waya wa kwanza unakwenda kwenye ruta ya kampuni ya simu, wa pili unaingia maabara, wa tatu ofisini kwa mhasibu. Haina skrini wala kibodi. Inaendeshwa na Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, na kazi yake ni moja tu, kuamua nani apite na nani asipite.

Mhasibu ni mama wa makamo anayeijua kazi yake. Nilikwenda kumtengenezea printa, akaniuliza, "Mwanangu, hawa watoto wakiwa kule maabara hawawezi kuzifikia hesabu zangu za ada?"

"Hawawezi mama, nimeshaweka kanuni ya kuwazuia."

Akavua miwani. "Na utajuaje kama hiyo kanuni inafanya kazi?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha na msimbo chanzo (maandishi ya programu kabla hayajajengwa) wa nftables, ambayo ndiyo ninayoandikia kanuni hizo kwenye Linux. Nataka kulijibu hapa kwa urefu, kwa sababu mtu akikukabidhi mtandao wenye ada za watoto na mishahara ya walimu, ana haki ya kuuliza hivyo na kupata jibu lenye ushahidi.

Jibu la haraka nililokuwa nalo ni kihesabio. Ukiandika `counter` ndani ya kanuni, unapata idadi ya pakiti, vile vipande vya data vinavyopita mtandaoni, zilizogusa kanuni hiyo. Lakini idadi haina tarehe. Kanuni ikionyesha pakiti 300, huwezi kujua kama ni za leo asubuhi au za muhula uliopita. Nilichokitaka ni saa: kanuni hii imeguswa mara ya mwisho lini? Na nftables inayo kauli ya kufanya hivyo, inaitwa `last`. Nikaiandika, nikaipeleka kwenye mashine, nikajibiwa kuwa kuna kosa la sarufi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wengi ninaowafundisha hawalijui, na ambalo mtu akishalielewa mambo mengine yote yanakuwa mepesi. Faiawoli, yaani huo ukuta wa kuruhusu na kuzuia, kwenye Linux si programu inayokaa inaendelea kufanya kazi kama zilivyo programu nyingine. Ukiorodhesha kazi zinazoendelea kwenye mashine, hutaiona. Anayechuja pakiti ni kerneli yenyewe, ndani kabisa ya mfumo endeshi. Kerneli ndiye bawabu aliyesimama mlangoni. Amri ya `nft`, ile inayokuja na nftables, ni mjumbe anayempelekea maagizo, akishayafikisha anaondoka.

Kazi hii ya kuchuja ina historia ndefu ndani ya Linux. Kulikuwa na ipfwadm, kisha ipchains, kisha mwaka 2001 kerneli 2.4 ikatoka na iptables, matunda ya mradi wa Netfilter ulioanzishwa na Rusty Russell. Mwaka 2009 Patrick McHardy akatangaza nftables ije kuchukua nafasi ya iptables. Ikalala kwa muda, Pablo Neira Ayuso akaifufua, na Januari 2014 ikaingia katika kerneli 3.13. Debian wameifanya kuwa ya kawaida tangu toleo la 10, mwaka 2019.

Sasa, kauli ya `last` iliingia katika kerneli 5.14, mwaka 2021. Lakini amri ya `nft` ilikuja kuifahamu katika toleo la 1.0.7, Machi 2023. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli 6.1 na `nft` ya 1.0.6. Kwa hiyo kwenye mashine ya Wete bawabu alikuwa anajua kila kitu ninachokihitaji, na mjumbe ndiye aliyekuwa hajafundishwa. Sikuwa na haja ya kugusa kerneli. Nilihitaji `nft` mpya tu, na kwa kuwa Debian hawabadilishi matoleo katikati ya safari, nikaamua kuijenga mwenyewe.

Nilichukua nftables 1.0.9 kutoka netfilter.org, pamoja na maktaba inayoitegemea, libnftnl 1.2.6. Faili la nftables lina ukubwa wa kama megabaiti moja, kwa hiyo hata bando la simu linalitosha. Pamoja na kila faili kuna faili dogo la saini lenye mwisho wa `.sig`. Tafadhali usiliruke. Unapakua ufunguo wa umma wa timu ya Netfilter, unalinganisha alama yake na ile iliyochapishwa mahali pengine, halafu unaikagua saini kwa programu ya gpg:

`gpg --verify nftables-1.0.9.tar.xz.sig nftables-1.0.9.tar.xz`

Ikikubali, umejua faili limetoka kwa wenyewe na halikubadilishwa njiani. Hujajua zaidi ya hapo. Machi 2024 Andres Freund aligundua kuwa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri, na mlango huo uliwekwa na mtu aliyekuwa na mamlaka halali ya kutoa matoleo. Saini isingemkamata. Ndiyo maana nikishathibitisha saini napenda kufungua folda na kutazama ndani, hata kama sielewi kila mstari. Katika nftables kuna faili linaitwa `src/scanner.l`, ambamo yameorodheshwa maneno yote ambayo `nft` inayatambua. Nililifungua, nikatafuta `last`, nikalikuta limekaa pale. Nilifurahi sana. Kule kwenye mashine niliambiwa kosa la sarufi, na hapa naona kwa macho yangu mstari uleule unaoliondoa kosa lenyewe.

Kabla ya kuendelea kuna kisa cha saa. Mashine hii niliipandishia Debian kwa flashi, bila intaneti. Nilipoanza kazi, `./configure`, skripti inayoikagua mashine kabla ya kujenga, ikagoma na kusema kuwa faili jipya lililotengenezwa ni la zamani kuliko yale yaliyopakuliwa, niangalie saa. Betri ndogo ya ubao ilikuwa imekufa, ile ya duara ya CR2032, na saa ilikuwa imerudi nyuma hadi kabla ya siku ambayo msimbo wenyewe ulitolewa. Kompyuta za mtumba karibu zote zina ugonjwa huu. Saa ikiwa mbovu hata gpg inalalamika, maana inaona ufunguo umeundwa katika siku ambayo bado haijafika. Betri mpya inauzwa dukani kwa bei ya soda, kwa hiyo ukipata mashine ya mtumba ibadilishe kwanza kabla ya yote.

Vifaa vya kujengea vinapatikana kwa apt, amri ya Debian ya kusakinisha programu: build-essential, pkg-config, bison, flex, libmnl-dev, libgmp-dev, libreadline-dev na libjansson-dev. Bison na flex zinahusika na sehemu inayosoma sarufi ya kanuni zako. Jansson ni ya kutoa majibu kwa muundo wa JSON, unaweza kuiacha. Libmnl ndiyo inayosafirisha ujumbe kwenda kwa kerneli kwa njia ya netlink, na ile ya Debian 12 inatosha. Libnftnl, inayozigeuza kanuni ziwe ujumbe huo, haitoshi, ni ya zamani kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo inajengwa kwanza:

`./configure --prefix=/usr/local`
`make`
`sudo make install`
`sudo ldconfig`

Halafu unaingia folda ya nftables na kurudia vilevile. Kwenye `./configure` ya nftables ongeza `--with-cli=readline`, na `--with-json` kama umeweka Jansson. Soma muhtasari unaotoka mwishoni mwa `./configure`, usiuache ukapita tu, maana pale ndipo inapokwambia imekuta nini na imekosa nini.

Mstari wa `ldconfig` watu wengi wanausahau. Bila huo, `nft` mpya itakwambia haiwezi kufungua libnftnl wakati faili lipo palepale kwenye `/usr/local/lib`. Mfumo unatafuta maktaba zake katika orodha iliyohifadhiwa, na `ldconfig` ndiyo inayoiandika upya orodha hiyo.

Kwenye mashine hii kuukuu kukompaili hakuchukui muda mrefu, lakini umeme ulikatika katikati. Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na zamani hizo za jenereta hakuna anayezitamani, ila kukatika bado kupo, hasa mvua za masika zikianza. Umeme ukirudi, `make` haianzi upya. Inatazama tarehe za mafaili, kilichokwisha kujengwa inakiacha, inaendelea na kilichobaki. Jambo hili ni zuri na lina hatari yake. Faili lililokuwa linaandikwa sekunde ile umeme ulipokatika linaweza kuwa nusu au tupu, na kwa tarehe yake `make` italihesabu kuwa limekamilika. Ikikatika katikati, piga `make clean` uanze tena.

Ukimaliza una `nft` mbili ndani ya mashine moja: ya Debian kwenye `/usr/sbin/nft`, na yako kwenye `/usr/local/sbin/nft`. Piga `nft -v` uone ni ipi inayojibu. Ikionyesha bado ya zamani, piga `hash -r`, maana terminali inakumbuka njia ya mwanzo. Usiifute ya Debian kwa papara. Kinachotakiwa ni kujua kila wakati nani anaitwa, na hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo la hatari kuliko yote katika kazi nzima.

Mashine inapowaka, huduma ya nftables ya Debian inaita `/usr/sbin/nft`, yaani ile ya zamani, isome `/etc/nftables.conf`. Faili langu lina `last`. Ile ya zamani hailijui. Na nftables inapakia faili zima kwa mkupuo mmoja: ama kanuni zote zinaingia, ama haiingii hata moja. Kwa kawaida huu ni uzuri wake mkubwa kuliko zile skripti za iptables, ambazo zilikuwa zinaingiza kanuni moja moja na zikikwama katikati zinakuacha nusu umefungwa nusu uko wazi. Lakini hapa maana yake ni kwamba kosa moja la sarufi wakati wa kuwaka linaiacha mashine bila kanuni yoyote, na kerneli isiyo na kanuni inapitisha kila kitu. Watoto wa maabara wataona intaneti haipo, kwa sababu kanuni ya kubadilisha anwani za kompyuta za ndani zinapotoka nje (NAT) nayo haikuingia, watakuja kulalamika. Mlango wa kwenda ofisini kwa mhasibu utakuwa wazi, na kwa hilo hatakuja mtu kulalamika.

Dawa yake ni `sudo systemctl edit nftables`, uandike hivi:

`[Service]`
`ExecStart=`
`ExecStart=/usr/local/sbin/nft -f /etc/nftables.conf`

Mstari wa `ExecStart=` ulio mtupu ni wa lazima, unafuta agizo la zamani kabla ya kuweka jipya. Fanya vivyo hivyo kwa `ExecReload`, ukitazama kwanza ilivyoandikwa kwenye huduma ya asili. Kisha izime mashine kabisa, iwashe, na uangalie kwa `nft list ruleset` kama kanuni zipo. Mimi sihesabu kazi kuwa imekwisha mpaka mashine imezimwa na kuwashwa na kanuni nimeziona kwa macho.

Hizi ni kanuni zenyewe, kwa ufupi. Nimeondoa sehemu ya kuingia kwenye mashine yenyewe na ya kubadilisha anwani:

`define nje = "enp2s0"`
`define maabara = "enp3s0"`
`define ofisi = "enp4s0"`

`table inet ngome {`
`  chain kupita {`
`    type filter hook forward priority 0; policy drop;`
`    ct state established,related accept`
`    iifname $maabara oifname $ofisi last counter drop`
`    iifname $maabara oifname $nje last counter accept`
`    iifname $ofisi oifname $nje last counter accept`
`  }`
`}`

Majina ya jedwali, minyororo na vigezo unachagua mwenyewe, kwa hiyo nimeyaweka kwa Kiswahili. Siku nikiwa safarini Unguja na kuna kijana amekaa mbele ya mashine, nataka asome "kutoka maabara kwenda ofisi, zuia" bila kunipigia simu kuniuliza enp3s0 ni nini.

Kabla ya kupakia kanuni kwa mbali, ikague kwanza kwa `nft -c -f`, ambayo inasoma faili bila kuligusa lolote. Na kama unaingia kwa ssh, tayarisha kwanza amri itakayorudisha kanuni za zamani baada ya dakika mbili, uikatishe ukiona bado umo ndani. Kutoka Wete kwenda Mkoani kufungua mashine uliyojifungia nje ni safari nzima ya gari, na nauli unalipa mwenyewe.

Nilipomaliza nilirudi ofisini. Nikampa mhasibu kiti mbele ya laptopu yangu, nikamtuma kijana maabara ajaribu kuifikia kompyuta ya ofisi. Kisha nikaandika `nft list chain inet ngome kupita`. Kwenye mstari wa maabara kwenda ofisi ikatoka `last used`, sekunde chache tu, na kihesabio kimepanda. Nikamwomba kijana ajaribu tena. Muda ukarudi karibu na sifuri. Mama wa watu akainama kwenye skrini, akakifuata kile kistari kwa kidole, akaniambia, "Basi hapo nimeona." Nilishukuru Mungu.

Tangu hapo `last` imenionyesha mambo ambayo sikuyatafuta. Palikuwa na kanuni niliyoirithi kutoka kwa aliyekuwapo kabla yangu, inayoruhusu watu wa nje kuingia kwenye mlango (port) wa 3389, wa kuendesha Windows kwa mbali, hadi kompyuta moja ya ofisi. Nilikuwa naogopa kuifuta nisije nikamvunjia mtu kazi. Niliiongezea `last`, nikaiacha muhula mzima. Ikasoma `last used never`. Nimeifuta. Mlango ule ni miongoni mwa milango inayobishwa hodi mno na wahalifu wa mtandao duniani, na wetu ulikuwa unasubiri tu siku ruta ya mbele itakapofunguliwa.

Nyingine ni kanuni ya printa, ambayo sikuionyesha katika ule ufupisho wa hapo juu; inakaa kabla ya ile ya kuzuia. Maabara wanaruhusiwa kuchapa kwenye printa moja ya ofisi, mlango wa 9100, anwani hiyo tu. Jumapili moja, skuli imefungwa, nikaona imeguswa dakika tatu zilizopita. Nikafuatilia kwa hofu, nikakuta kompyuta moja ya maabara imeachwa inawaka, ina kazi ya kuchapa iliyokwama, na kila baada ya muda inabisha tena kwa printa iliyozimwa. Haikuwa hatari. Lakini nilijua kwamba pametokea kitu, nikajua wapi, bila kusubiri mtu aje kuniambia.

Kuna gharama nayo niitaje. `nft` uliyoijenga mwenyewe haifuati `apt upgrade`. Likitoka toleo lenye kurekebisha udhaifu, ni juu yako kulifuata. Nimebandika karatasi kwenye kasha la mashine: jina la programu, toleo, tarehe niliyoijenga, na folda ya msimbo ilipo, maana `make uninstall` inahitaji folda ileile. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inakuja na `nft` mpya zaidi inayoifahamu `last`, kwa hiyo anayeanza leo na toleo hilo haihitaji kazi hii yote. Mashine ya skuli nitaipandisha wakati wa likizo, na siku hiyo ile niliyoijenga nitaiondoa na `systemctl revert nftables` itafuta lile agizo la ziada.

Mafaili yenyewe nimeyahifadhi pamoja na saini zake. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti kuzorota nchi nzima, nilijifunza thamani ya kuwa na msimbo mkononi na si kwenye seva ya mbali. Aliyeko Wete au Chake anayeyataka aje na flashi, nitampa pamoja na lile faili la kanuni lote, na nikiwa na nafasi tutakaa tuijenge pamoja kwenye mashine yake.